Kaunta za kumbukumbu hazikubaliani: dalili, sababu na pa kuanzia

Malalamiko huwa yale yale. `top` inasema hivi, `free` inasema vile, kontena limeuawa ilhali grafu inaonyesha nafasi tele, na kuna mtu ameshaandika kwenye tiketi kwamba programu inavuja kumbukumbu. Mwongozo huu ni wa anayesimamia seva za Linux au anayeandika programu zinazokimbia humo. Umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu ya kawaida zaidi inatangulia.

Kabla hujagusa kitu, elewa jambo moja. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ingeweza kuhesabu kila ukurasa (kipande kidogo) wa kumbukumbu kwa usahihi kamili wakati wote, lakini kore zote za kichakataji zingegombea namba moja, na kila anayetaka kuongeza moja angemsubiri mwenzake. Fikiria uwanja wenye milango 64. Kila bawabu akikimbia hadi mezani kila anapoingiza mtu mmoja, foleni haitasogea. Kwa hiyo bawabu anahesabu kimoyomoyo, akifikisha watu kadhaa ndipo anapeleka taarifa. Namba iliyo mezani iko nyuma ya ukweli kidogo, lakini watu wanaingia. Dalili nyingi hapa chini zinatokana na mtu kusoma namba ya mezani akidhani ni idadi ya vichwa vilivyomo uwanjani.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kosa la kaunta hii linaweza kufika ukubwa gani, na je, tofauti ninayoiona imezidi hapo? Nimewahi kupoteza siku mbili nikisaka mvujo wa MB 20 kwenye mashine ya kore 64. Ingenichukua dakika moja ya kuzidisha kugundua kwamba MB 20 hazithibitishi lolote pale.

Dalili: VmRSS ya `/proc/PID/status` hailingani na jumla ya `smaps`

VmRSS, au RSS kwa ufupi, ni kiasi cha RAM ambacho mchakato unakishikilia kwa sasa. Sababu ya kawaida: zote mbili zinafanya kazi kama zilivyokusudiwa. `status` na `statm` zinasoma kaunta iliyokwisha kuandaliwa, na `smaps` inatembea kwenye jedwali la kurasa na kuhesabu moja moja. Ya kwanza ni ya haraka, ya pili ni ya kweli.

Ukubwa wa pengo unategemea toleo la kerneli, kwa hiyo anza na `uname -r`.

Kuanzia 2.6.34 (mwaka 2010) hadi kabla ya 6.2, kila uzi wa programu ulikuwa na daftari lake dogo, na hesabu ilipelekwa kwenye jumla kuu baada ya matukio 64 ya kuomba ukurasa. Programu yenye nyuzi chache haitaonyesha tofauti ya maana. Yenye nyuzi 1,000 ni hadithi nyingine: 1,000 × 64 ni kurasa 64,000, na kwa ukurasa wa KiB 4 hiyo ni MiB 250 zinazoweza kuwa hewani.

Kuanzia 6.2 (mwaka 2023) daftari lilihama kutoka kwenye uzi likaenda kwenye kore. Kila kore hushikilia hesabu yake mpaka ifikie fungu, na fungu ni 32 au mara mbili ya idadi ya kore, lolote lililo kubwa. Piga hesabu:

- kore 8: fungu 32, kosa la juu kabisa kurasa 256, yaani MiB 1;
- kore 64: fungu 128, kurasa 8,192, yaani MiB 32;
- kore 256: fungu 512, kurasa 131,072, yaani MiB 512.

Huo ni upeo wa kila kaunta, na RSS inajumlisha kaunta tatu: kurasa za faili, kurasa zisizo na faili, na kumbukumbu ya pamoja. Kufika kwenye upeo ni nadra, maana nyuzi za programu lazima ziwe zimepita kore zote na kila moja iwe karibu na kujaza fungu. Lakini ona jinsi namba inavyokua: kore zikiongezeka mara nne, kosa linaongezeka mara kumi na sita. Ndiyo maana programu ile ile inaonekana sawa kwenye kompyuta yako na ya ajabu kwenye seva kubwa. Kama mashine inatumia kurasa za KiB 64, jambo linalowezekana kwenye baadhi ya mashine za ARM na POWER, zidisha tena kwa 16.

Ukaguzi rahisi: soma `/proc/PID/smaps_rollup`. Faili hili lipo tangu 4.14 na linakupa jumla moja badala ya maelfu ya mistari. Tofauti yake na VmRSS ikiwa ndani ya upeo uliokokotoa, funga tiketi. Kerneli za karibuni zaidi zimeanza kujumlisha madaftari yote pale mtu anaposoma `status`, kwa hiyo ukipandisha toleo pengo linaweza kutoweka bila wewe kufanya lolote.

Tofauti ikizidi upeo, sababu ya pili ni kurasa kubwa zilizotengwa kupitia hugetlb. Hizo hazimo kwenye VmRSS kabisa. Zitafute kwenye mstari wa `HugetlbPages`. Hifadhidata nyingi huzitumia, na msimamizi mgeni huona mchakato wenye RSS ndogo kwenye mashine iliyojaa, akachanganyikiwa.

Dalili: ukijumlisha RSS za michakato yote unapata zaidi ya RAM iliyopo

Hapa kaunta haina kosa. Ukurasa unaotumiwa na michakato kumi huhesabiwa mara kumi. Jumlisha `Pss` badala yake, kwani inagawa kila ukurasa wa pamoja kwa idadi ya wanaoutumia. Gharama yake utaiona kwenye dalili ya programu iliyopungua kasi tangu uanze kuipima.

Dalili: programu imeachia kumbukumbu lakini RSS haishuki

Hii ndiyo inayoleta kesi nyingi kuliko zote, na mara nyingi hakuna mvujo.

Sababu ya kwanza: kigawaji cha kumbukumbu, yaani `malloc` na wenzake, hakirudishi kila kitu kwa kerneli. Kinajiwekea akiba kwa sababu kuomba upya kuna gharama. glibc, maktaba ya C ya kawaida kwenye Linux, katika mfumo wa biti 64 inaweza kuwa na maeneo ya ugawaji hadi mara nane ya idadi ya kore, na kila eneo lina akiba yake. Jaribu hivi: ita `malloc_trim(0)` ndani ya programu ya majaribio. RSS ikishuka ghafla, huo haukuwa mvujo. Ukitaka suluhisho la kudumu, punguza `MALLOC_ARENA_MAX`, ukijua kwamba nyuzi zitaanza kusubiriana kwenye maeneo machache.

Sababu ya pili inavutia zaidi, maana ni usahihi uliouzwa kwa kasi waziwazi. Tangu Linux 4.5, programu inaweza kuiambia kerneli kwa `MADV_FREE`: kurasa hizi sizihitaji, zichukue ukitaka. Kerneli haizichukui mara moja, inangoja ibanwe. Programu ikizihitaji tena kabla ya hapo, inazipata bila gharama. Tatizo ni kwamba muda wote huo zinaendelea kuhesabiwa kwenye RSS. Lugha ya Go ilianza kutumia njia hii kwenye toleo la 1.12 mwaka 2019, na watu wengi wakaona grafu zao zimepanda na kukataa kushuka. Programu hazikuwa na ubaya wowote, ila hakuna aliyeweza tena kuamini grafu. Toleo la 1.16 la mwaka 2021 likarudi kwenye `MADV_DONTNEED`, inayokata kurasa papo hapo. Kwa maoni yangu walifanya vizuri: kasi inayomfanya msimamizi aamke usiku bila sababu ni ghali. Anayekimbiza matoleo ya kati anaweza kuweka `GODEBUG=madvdontneed=1`.

Ukaguzi: kwenye `smaps_rollup` tazama mstari wa `LazyFree`. Toa kiasi hicho kwenye RSS, kinachobaki ndicho kinachotumika kweli.

Sababu ya tatu: unasoma takwimu za kigawaji zilizopitwa na wakati. jemalloc, kigawaji kingine, haisasishi takwimu zake mpaka usogeze `epoch` kupitia `mallctl`, na ukisahau utapata namba ile ile milele. Kwa upande wa glibc, `mallinfo` ya zamani inatumia `int`, hivyo programu kubwa hurudishiwa namba zilizozunguka, wakati mwingine hasi. Tumia `mallinfo2`, iliyoletwa na glibc 2.33.

Ukishapita haya yote na RSS inaendelea kupanda wiki baada ya wiki bila kutulia popote, hapo ndipo useme mvujo.

Dalili: `free` za mashine mbili zinatoa "used" tofauti kwa mzigo ule ule

Angalia `free --version`. Kwenye procps-ng (kifurushi chenye `free`) za zamani, "used" ni jumla ukitoa iliyo huru, bafa na kache. Kwenye zile za toleo la 4, ni jumla ukitoa "available". Usilinganishe safu hiyo kati ya mashine. Linganisha `MemAvailable` kwenye `/proc/meminfo`, iliyopo tangu kerneli 3.14, ukikumbuka kwamba hata hiyo ni makadirio ya kiasi unachoweza kutumia bila kuingia kwenye swopu, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM.

Na kama "cache" ni kubwa na haishuki hata mashine ikibanwa, tazama `Shmem`. Mafaili yaliyo kwenye tmpfs (mfumo wa mafaili unaokaa kwenye RAM) huhesabiwa kama kache, lakini bila swopu hayana pa kwenda. Mara nyingi ni mtu aliyeweka logi kwenye `/dev/shm` akasahau.

Onyo: usiweke `drop_caches` kwenye cron ili grafu ipendeze. Kila ikikimbia, diski inalipia.

Dalili: `MemFree` na takwimu za `/proc/vmstat` zinachelewa au zinarukaruka

Kila kore huweka tofauti zake pembeni kwa kila ukanda wa kumbukumbu, kwa kikomo kisichozidi 125, kisha zinakusanywa kwa kawaida kila sekunde moja. Sababu ya kawaida ya kuchelewa ni mtu aliyepandisha `vm.stat_interval` ili kore zisisumbuliwe. Soma thamani yake kwanza. Ukihitaji namba kamili kwa wakati mmoja tu, ukiwa mtumiaji mkuu soma `/proc/sys/vm/stat_refresh`, kisha soma takwimu. Usifanye hivyo kila sekunde, utakuwa umerudisha gharama ile ile iliyokimbiwa.

Kerneli yenyewe hujihadhari na makadirio haya. Kurasa huru zikikaribia mstari wa hatari, inaacha namba ya mezani na kwenda kuhesabu kwenye kila kore. Shika mbinu hiyo, tutaihitaji.

Kuna pengo moja maarufu la kihistoria. Kama unashughulikia seva yenye kerneli kati ya 4.4 na 5.2 na `VmallocUsed` inaonyesha 0, usitafute hitilafu. Kuikokotoa kulikuwa ghali mno kiasi kwamba wasanidi waliamua kuandika sifuri tu. Ilirudi kwenye 5.3 baada ya kupatikana njia nafuu ya kuihesabu. Sifuri ile imewahi kuingia kwenye ripoti nyingi kama ushahidi.

Dalili: kontena limeuawa kwa kukosa kumbukumbu, grafu inasema lilikuwa mbali na kikomo

Fuata mpangilio huu, usiruke.

1. Grafu inachukua sampuli kila sekunde 15 au 30, na kumbukumbu inaweza kupanda na kushuka katikati. Soma `memory.peak` kwenye cgroup v2, mfumo wa kerneli unaowekea kontena vikomo (kerneli 5.19 na kuendelea), kabla kontena halijafutwa, pamoja na `oom_kill` ndani ya `memory.events`.

2. Grafu inachora namba nyingine. Kikomo kinapimwa kwa `memory.current`, ambayo inajumuisha kache ya mafaili, tmpfs, kumbukumbu ya soketi na ya kerneli. Kubernetes hutumia "working set", yaani matumizi ukitoa kurasa za faili zisizoguswa karibuni. RSS ya mchakato mkuu ni namba ya tatu kabisa, na ndiyo watu wengi wanayoichora.

3. Aliyeuawa hakuuawa na kikomo chako. Kwenye logi ya kerneli, "Memory cgroup out of memory" ni kontena. "Out of memory" peke yake ni mashine nzima. Suluhisho la moja halisaidii nyingine.

4. Ucheleweshaji wa kaunta. Huu huwa wa mwisho, ingawa ndio unaotajwa kwanza na waliosoma nusu. Kila kore hukata kumbukumbu ya kontena kwa mafungu ya kurasa 64 kwenye kerneli za sasa, yaani KiB 256. Kwenye kore 64 hiyo ni MiB 16 zilizohesabiwa kabla hazijatumika. Kontena la GiB 4 halitahisi kitu. Kontena la MiB 32 litaonekana limejaa nusu bila kufanya kazi. Hata hivyo, kerneli hurudisha mafungu hayo kabla ya kuua, kwa hiyo usilaumu mafungu kwa kifo chenyewe.

Kama `memory.stat` ukiijumlisha haifiki `memory.current`, kumbuka hizo ni njia mbili za kuhesabu. Takwimu za `memory.stat` hukusanywa kila baada ya sekunde 2 hivi, au pale mabadiliko yanapokuwa mengi.

Onyo: usiondoe kikomo "kwa muda tu" kwenye mashine inayobeba hifadhidata. Kerneli ikikosa kumbukumbu ya mashine nzima, itachagua yenyewe wa kuua, na mara nyingi mkubwa ndiye anayelengwa.

Dalili: programu imepungua kasi tangu uanze kuipima

Hapa mizani imeegemea upande wa pili: umenunua usahihi usiouhitaji.

Kwanza kagua wakala wa ufuatiliaji. Kusoma `smaps` kunashika kufuli la ramani ya kumbukumbu ya mchakato. Uzi mwingine ukitaka kufanya `mmap` unasubiri, na walio nyuma yake nao wanasubiri. Pima: `time cat /proc/PID/smaps > /dev/null`. Ikichukua zaidi ya sehemu ndogo ya sekunde, usiisome kila sekunde. `smaps_rollup` inaokoa kazi ya kuandika maandishi, lakini bado inatembea kurasa zote, kwa hiyo kwa mchakato wa mamia ya GiB si ya bure. Mgawanyo unaonifaa: `statm` kwa sampuli za mara kwa mara, `smaps_rollup` kila dakika tano au pale tu namba ya haraka inapovuka kizingiti.

Pili, kagua kaunta ulizoandika mwenyewe. Kaunta moja ya atomiki inayoongezwa na nyuzi zote itasukumwa kati ya kache za kore kama mpira. Hata kaunta mbili tofauti zikikaa kwenye mstari mmoja wa kache, ambao kwa kawaida ni baiti 64, zitagombana ilhali hazihusiani. `perf c2c` huonyesha mstari unaogombewa. Zitenganishe kwanza, hilo ni badiliko dogo na mara nyingi linatosha.

Lisipotosha, mpe kila uzi kaunta yake na ujumlishe kwa mafungu. Hapo ndipo watu wanauliza: kikomo nitakilinda vipi kwa namba ya makadirio? Rudi kwenye mbinu ya kerneli. Linganisha namba ya haraka na kikomo. Umbali ukiwa mkubwa kuliko kosa la juu kabisa (fungu mara idadi ya kore), jibu ni sahihi hata kama namba si sahihi, endelea. Ukiwa mdogo kuliko hapo, ndipo ujumlishe madaftari yote. Utalipa gharama pale tu jibu linapoitegemea. Kerneli ina kazi maalumu ya kufanya hivyo, `percpu_counter_compare`, na msimbo wake ni mfupi, usome.

Tatu, na si ya kawaida: mashine ya kore nyingi inayozaa michakato mifupi kwa maelfu. Kuanzia 6.2 kila mchakato hutengewa daftari kwa kila kore unapozaliwa, na kujumlishwa unapokufa. Mchakato wa milisekunde chache unalihisi hilo. Dawa ni kutumia upya michakato iliyopo. Usiguse kerneli.

Dalili ndogo ndogo

`ru_maxrss` iko kwa KiB kwenye Linux na kwa baiti kwenye macOS. Grafu iliyokua mara 1,024 baada ya kuhamia mfumo mwingine ni hiyo. Kwenye Linux kilele hicho pia kinarithiwa kupitia `exec`, hivyo programu ndogo iliyozaliwa na mchakato mkubwa huonekana kubwa. Soma `VmHWM`, na ukitaka kuianza upya andika 5 kwenye `/proc/PID/clear_refs`. Kwenye Windows, safu ya kumbukumbu ya Task Manager haionyeshi kiasi kilichoahidiwa, na ahadi ndiyo inayoisha kwanza. Ongeza safu ya "Commit size".

Wakati wa kuacha na kuita mtaalamu

Makosa yote hapo juu ni makosa ya makadirio. Haya yafuatayo siyo, na usijaribu kuyatatua kwa kubadili mipangilio.

Ukiona "BUG: Bad rss-counter state" kwenye `dmesg`, mchakato umekufa na hesabu yake kamili haikurudi sifuri. Hii haitokani na mafungu, maana ukaguzi huo hujumlisha kila daftari. Kuna hitilafu ya kerneli, dreva iliyoharibu kumbukumbu, au RAM mbovu. "Bad page state" ina uzito huo huo. Taarifa za EDAC za makosa ya RAM yasiyorekebishika ni mbaya zaidi: data inaweza kuwa imeshaharibika na kuandikwa diskini.

Hamisha mzigo kwenye mashine nyingine, usiandike chochote kipya kwenye hifadhidata iliyopo hapo, na usianze kubadilisha moduli za RAM kwenye seva inayohudumia watu kama huna ruhusa wala ujuzi wa hilo. Mpe anayesimamia kerneli au vifaa: matokeo ya `uname -a`, `dmesg` nzima, nakala ya `/proc/meminfo`, na orodha ya dreva zisizotoka kwenye kerneli yenyewe. Chukua nakala hizo kabla ya kuwasha upya, kwa sababu `dmesg` ya sasa haitakuwepo mashine ikirudi.